Mkata Miti Hauawi na Kofia Aliyoitundika Tawini

Gari la mkaguzi msituni husikika kabla halijaonekana, na muda huo unatosha. Kofia ngumu zilizokuwa zimetundikwa kwenye matawi zinapanda vichwani, miwani inafutwa vumbi kwa ncha ya shati, na aliyekuja kazini na kandambili anapata shughuli ya ghafla upande wa pili wa kilima. Mkaguzi anashuka, anahesabu vichwa, anahesabu kofia, anakuta idadi zinalingana, anaweka tiki na kuondoka. Kila mtu amefanya kazi yake. Saa moja baadaye kofia zimerudi tawini, na mti uliokatwa vibaya asubuhi bado umeegemea mwenzake. Huo haumo kwenye fomu yoyote.

Tumezoea kuzungumzia usalama wa wakata miti kana kwamba ni suala la mavazi. Amevaa au hajavaa. Asiyevaa ni mbishi au anajifanya mwamba, na aliyevaa ni mtu anayejielewa. Nadhani mazoea hayo yametupotosha. Vifaa vya kinga vina thamani, na nitavitetea hapa chini bila kuuma maneno, lakini vimekuwa ndicho kitu pekee tunachokisimamia kwa sababu ndicho kinachoonekana ukiwa umesimama mlangoni mwa gari. Kinachoua zaidi hakivaliwi wala hakivuliwi. Ni haraka, na haraka ya mkata miti ina mtu anayeinunua.

Mtu asiyewahi kushika msumeno wa mnyororo, ule ambao wengine huuita chenso, hudhani hatari kubwa ni mnyororo wenyewe. Ni kweli mnyororo hujeruhi, tena vibaya. Lakini vifo vingi vya wakata miti vinaletwa na mti: shina lililoangukia upande ambao hakuna aliyeutarajia, tawi kavu lililokuwa limenasa juu miezi kadhaa likisubiri mtikisiko, shina lililoinama ambalo linapasuka wima katikati ya mkato na kurusha kisigino chake nyuma kwa kasi ya kutisha, mti mwingine uliovutwa na mimea ya porini inayotambaa iliyoifunga miti miwili pamoja. Kofia ngumu inaweza kumwokoa mtu na kitawi au gome lililodondoka. Gogo la nusu tani haliijui kofia.

Tazama hali moja tu kwa karibu, mti uliokwama. Mkataji ameuangusha, umefika nusu ya safari, matawi ya jirani yameudaka. Sasa umelala mshazari angani na uzito wake wote umebebwa na tawi moja au mawili ambayo yeye, akiwa chini, hayaoni vizuri. Mafunzo yako wazi: usipite chini yake, usiupande, usiukate ule unaoushikilia, usiangushe mti wa tatu juu yake ili uusukume. Uzungushe shina kwa wenzo wa kugeuzia magogo, au uvute kitako chake kwa winchi au trekta ukiwa mbali. Ukikosa vyote viwili, weka alama, zuia watu wasipite, nenda ukatafute msaada. Hayo yote yanaweza kula saa nzima, pengine zaidi. Njia ya mkato ni kuingia chini na kukata ule unaoushikilia. Dakika tano. Mara nyingi inafanikiwa, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Siku isipofanikiwa, miti miwili inashuka kwa pamoja, kila mmoja na njia yake, na mtu yuko katikati akiwa ameinama na msumeno unaonguruma mikononi, hasikii kitu.

Katika picha hiyo nzima mtu huyu anaweza kuwa amevaa kila kitu. Kofia, kinga ya masikio, wavu wa uso, suruali maalumu, buti zenye chuma vidoleni. Mkaguzi wa mavazi angempa alama zote.

Kama kweli tunataka kujua kikosi fulani kinafanyaje kazi, tuangalie visiki. Anayejua kazi hii anakisoma kisiki kama anavyosoma sura ya mtu. Upande wa mti ulikoelekezwa panatakiwa pawe na mdomo, mkato wa pande mbili unaokutana vizuri ndani bila moja kuupita mwenzake. Upande wa nyuma kuna mkato wa pili. Kati ya hiyo miwili lazima pabaki ukanda wa mbao ambao haukukatwa, takribani sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha mti. Huo ndio bawaba inayouongoza mti wakati unalala. Kisiki kisicho na ukanda huo, kilichokatwa moja kwa moja, maana yake mti uliachiwa uende utakako. Kisiki kisicho na mdomo kabisa maana yake mtu alikuwa anakimbizana na kitu. Ukitembea kati ya visiki kumi na tano vya wiki iliyopita utajua nani anafuata njia, nani anabahatisha, na siku gani ya wiki kazi ilianza kuharakishwa. Kisiki hakisikii gari likija.

Nisieleweke kwamba nawaunga mkono wanaovipuuza vifaa. Chukua suruali ya kukatia. Watu wengi, hata baadhi ya wanaoiuza, hudhani ni kitambaa kigumu kisichopitika. Sivyo. Chini ya kitambaa cha juu kuna tabaka kadhaa za nyuzi ndefu zilizolazwa bila kukazwa. Mnyororo ukigusa paja unapasua kitambaa cha juu mara moja, halafu unazinasa zile nyuzi na kuzivuta kwa wingi hadi kwenye gia inayouzungusha. Gia inajaa, mashine inakabwa, mnyororo unasimama. Madaraja ya Ulaya ya mavazi haya hupimwa kwa kasi ya mnyororo: daraja la kwanza mita 20 kwa sekunde, la pili 24, la tatu 28. Mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa. Mtu mwenye suruali hiyo anabaki na vazi lililoharibika, nyuzi zinaning'inia, pengine na mchubuko. Mwenye suruali ya kawaida anakuwa na jeraha la mguu, mara nyingi wa kushoto, karibu na mshipa mkubwa wa damu, tena mbali na barabara. Hakuna hoja ya ujasiri inayoweza kushindana na hesabu hiyo.

Na kuna madhara yasiyo na kishindo, ambayo hata kwenye taarifa za ajali hayaingii. Msumeno wa mnyororo hupiga kelele za desibeli 105 hadi 110 na zaidi sikioni mwa anayeushika. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Ukifika 109 hata dakika mbili hazitimii. Mkataji asiye na kinga ya masikio anamaliza kiwango chake cha siku kabla hajaangusha mti wa kwanza.

Vidole navyo. Mtetemo wa mashine unaoingia mikononi miaka na miaka huharibu mishipa midogo ya damu na fahamu, vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi kila vikikutana na baridi. Daktari wa Italia, Giovanni Loriga, aliieleza hali hii mwaka 1911 kwa wachimba mawe, na Alice Hamilton akaichunguza mwaka 1918 kwa wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliotumia nyundo za hewa. Msumeno wa mnyororo ulipoenea ukaipeleka msituni. Huko Japani tatizo lilikuwa kubwa kwa wafanyakazi wa misitu ya taifa miaka ya 1960, kiasi kwamba jibu halikuwa glavu peke yake. Muda wa kushika msumeno ulipunguzwa hadi saa mbili kwa siku. Nauweka mfano huu hapa kwa makusudi. Walipoona mwili unaliwa na kazi, waligusa ratiba.

Basi kwa nini watu hawavai? Ukiuliza kwa dharau utapewa jibu la dharau. Ukiuliza vizuri utapata sababu, na nyingine zina uzito.

Ya kwanza ni joto. Suruali hizi zilikuzwa zaidi katika nchi za baridi. Mvalishe mtu nyuzi tabaka saba au nane mchana wa jua kali, kwenye mteremko, akiwa amebeba mashine ya kilo saba, na baada ya saa mbili akili yake inaanza kuchoka kabla ya mikono. Mtu aliyeishiwa maji mwilini hakadirii vizuri mti umeinamia wapi. Kwa hiyo anayesema suruali inamhatarisha hasemi upuuzi wote. Asichoambiwa ni kwamba zipo zinazokinga mbele tu na kuacha nyuma wazi, nyepesi zaidi, zinazofungwa kwa mikanda juu ya nguo ya kawaida. Vivyo hivyo miwani ya plastiki inayopata ukungu kwa jasho, ambayo inaweza kubadilishwa kwa wavu wa chuma wa uso unaopitisha hewa. Vifaa vingi vinavyokataliwa vilichaguliwa ofisini na mtu ambaye hatavivaa hata siku moja.

Ya pili ni masikio. Mkataji mzoefu atakwambia anahitaji kuusikia mti ukilia, ule mlio wa nyuzi zinazokatika ndani ya shina kabla halijaondoka. Ni hoja ya mtu anayeijua kazi, na nimeichukulia kwa uzito. Lakini msumeno ukiwa unanguruma karibu na uso wako husikii mti, unasikia msumeno. Ukiuzima ili usikilize, kinga ya masikio inanyanyuliwa kwa mkono mmoja. Na kelele huanza kuua usikivu wa sauti kali na za juu, jamii ya ule mlio mkavu wa mbao inayovunjika. Anayeacha masikio wazi ili ausikie mti, baada ya miaka kumi atakuwa hausikii hata akiwa amezima mashine.

Ya tatu ni nani analipa. Hapa sina mengi ya kusema kwa sababu jambo lenyewe halina utata. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu chake cha 21 unasema hatua za usalama na afya kazini hazitakiwi kumgharimu mfanyakazi chochote. Juni 2022 mkataba huo uliwekwa katika kundi la mikataba ya msingi ya shirika hilo. Kanuni ya ukataji magogo ya Marekani iliyotolewa mwaka 1994 inamtaka mwajiri atoe kofia, kinga ya macho na ya miguu bila malipo, ikiacha mwanya kwenye buti. Tajiri anayemkata kibarua hela ya kofia kwenye malipo ya wiki anafanya jambo ambalo lilishakataliwa zamani, na kibarua anayevua kofia aliyokatwa hela yake ili isichakae haraka anafanya jambo la akili kabisa.

Sababu ya nne haisemwi kama sababu. Inasemwa kama ushahidi: miaka yote hii nimefanya hivi na niko hapa.

Huu ndio ushahidi mgumu kuliko wote kuujibu, kwa sababu ni wa kweli. Marekani mwaka 2023 vifo katika kazi ya kukata magogo vilikuwa 98.9 kwa kila wafanyakazi 100,000 wa muda wote, wakati wastani wa kazi zote ulikuwa 3.5. Hiyo ni miongoni mwa kazi zinazoua zaidi nchini humo, katika nchi yenye kanuni, mafunzo, na mashine kubwa ambazo mwendeshaji hukaa ndani ya kibanda cha chuma. Lakini igeuze hesabu hiyo uitazame kwa jicho la mtu mmoja. Ni takribani mtu mmoja kati ya elfu kwa mwaka. Afanye kazi miaka thelathini kwa kiwango hicho hicho, uwezekano wa kufa kazini unakaribia watatu kati ya mia. Maana yake watu 97 kati ya 100 watastaafu wakiwa hai, na wote 97 watakuwa na haki ya kusema njia yao haikuwaua. Wale watatu hawaitwi kwenye mjadala.

Kwa hiyo kazi yenyewe, ikiwa hatari mara 28 kuliko kazi ya kawaida, bado inamfundisha mtu mmoja mmoja kwamba hakuna hatari. Kila mti uliokwama akapita chini yake ukatulia unamwongezea imani. Kila mara alipowasha msumeno ukiwa unaning'inia mkono mmoja, akakata juu ya bega, akaifunga breki ya mnyororo kwa waya kwa sababu inamsumbua, na jioni akarudi nyumbani mzima, anahesabu somo. Mwanasosholojia wa Marekani Diane Vaughan, alipochunguza kulipuka kwa chombo cha anga cha Challenger mwaka 1986, alionyesha jinsi wahandisi makini, si wazembe, walivyoukubali mpira wa kuzibia maungio ya roketi ulioungua kidogo kwa sababu safari iliyopita uliungua na hakuna kilichotokea. Kama wahandisi wa roketi wenye makaratasi na kompyuta walifika hapo, tusimshangae mtu mwenye msumeno na mti mmoja baada ya mwingine. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Taabu yake kubwa ni kwamba yanafanana sana na ustadi. Mtu anayekata haraka bila kukosea kwa miaka mingi na mtu aliye na bahati ya miaka mingi, ukiwatazama kwa mbali, mikono yao inakwenda sawasawa.

Na huyo ndiye mwalimu. Kijana akija kujifunza anawekwa kwa fundi wa siku nyingi, na somo la kwanza analopata halimo katika kitabu chochote. Anauliza suruali iko wapi, wanamcheka. Unaogopa kufa? Hatauliza tena. Watu hupenda kuliita jambo hili ubabe, wakamaliza. Mimi nina shaka na maelezo hayo. Ubabe upo, sikatai, lakini kicheko kile kina kazi nyingine: watu wanaofanya kazi inayoweza kuwaua leo hawawezi kuikumbuka hatari kila saa na bado wakaamka kesho. Anayeuliza suruali iko wapi amewakumbusha kitu walichokubaliana kutokitaja. Ndiyo maana hotuba za kutisha, zile za picha za miguu iliyokatika, hufanya kazi siku mbili tu. Zinataka kumwondolea mtu pazia alilolishona mwenyewe ili aweze kufanya kazi.

Methali nazo zimo katika pazia hilo. Ajali haina kinga. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Msibani maneno haya ni rehema, yanawapunguzia waliobaki mzigo wa kujiuliza ingekuwaje. Tatizo ni pale yanaposemwa asubuhi, kabla ya kazi, na mtu ambaye mti wake wa jana bado umening'inia.

Sasa turudi kwenye haraka na anayeinunua. Sehemu kubwa ya wakata miti duniani hawalipwi kwa saa. Wanalipwa kwa gogo, kwa ujazo, kwa lori lililojaa. Ukimlipa mtu hivyo umemwandikia kanuni za usalama za aina yake, na hizo ndizo atakazofuata hata ukibandika nyingine ukutani. Ile saa moja ya kushughulika na mti uliokwama haina malipo. Kunoa mnyororo hakuna malipo, kwa hiyo anakatia mnyororo butu, anaukandamiza kwa nguvu, na msumeno unaokandamizwa ndio unaoruka: ncha ya juu ya bapa, ule upanga wa chuma unaobeba mnyororo, inagusa kitu kigumu na mashine nzima inarushwa kuelekea usoni, kufumba na kufumbua. Kupumzika hakuna malipo. Kusafisha njia mbili za kukimbilia nyuma ya mti kabla ya kukata hakuna malipo. Kusimamisha kazi kwa sababu upepo umebadilika kunamgharimu yeye, si tajiri. Kila kinachomweka hai amewekewa bei, na bei hiyo anailipa kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Mwaka 1975 wafanyakazi wa misitu wa Sweden waligoma, na moja ya madai yao makuu lilikuwa hili hili: waachane na malipo kwa kipande, walipwe mshahara. Mfumo ukabadilika katika sehemu kubwa ya sekta. Uzalishaji ulishuka. Ajali nazo zilishuka. Misitu ilikuwa ile ile, watu wale wale, vifaa karibu vile vile. Wale waliokuwa wakiitwa wazembe walibadilika tabia bila kuhubiriwa. Nikitakiwa kutaja hatua moja iliyonishawishi kuliko zote katika historia ya kazi hii, nitaitaja hiyo kabla ya kofia na kabla ya breki ya mnyororo, ingawa breki nayo, iliyoenea kuanzia miaka ya 1970, imeokoa sura za watu wengi.

Mwaka huo huo wa 1975 mwanauchumi Sam Peltzman alichapisha hoja ambayo hadi leo hutumika kuvipinga vifaa vya kinga, hata na watu wasiomjua. Alikuwa akiongelea magari: mpe dereva mkanda na gari imara, naye ataendesha kwa kasi zaidi, faida yote itayeyuka. Msituni husemwa hivi: ukivaa sana unajiamini kupita kiasi. Kuna ukweli fulani, hasa kwa kofia, ambayo humfanya mtu asimame mahali asipopaswa kusimama. Lakini sijawahi kusikia mtu aliyeusogeza mnyororo karibu na paja lake kwa sababu tu ana suruali nzuri. Na kama kujiamini kupita kiasi ndiyo hatari tunayoihofia, chanzo chake kikubwa tumeshakiona: ni ile miaka ya kutopatwa na kitu. Huyo asiyevaa chochote ndiye anayejiamini kuliko wote kikosini.

Mafunzo? Yanahitajika, na yanapotolewa na mtu aliyewahi kukata, si na mtu mwenye slaidi, watu huyasikiliza. Msweden Soren Eriksson alijulikana kwa kugeuza mafunzo haya kuwa mashindano ya alama: nani ameuangusha mti karibu zaidi na kigingi alichokilenga, nani bawaba yake imebaki na unene unaotakiwa. Alikuwa na akili. Badala ya kupigana na fahari ya mkataji aliihamisha, fahari ikawa kwenye kisiki kizuri badala ya kuwa kwenye kasi. Ila hata mashindano hayo, kijana akirudi Jumatatu kwenye malipo ya kwa gogo, kisiki kizuri hakinunui chochote.

Nitaambiwa kwamba ya Sweden hayawezekani mahali ambapo mkataji hana mwajiri anayejulikana, ameletwa na dalali, aliyetumwa na mfanyabiashara, anayeuza kwa kiwanda. Ni kweli mnyororo huo ni mrefu, na uliwekwa mrefu kwa faida ya mtu. Lakini una mwisho, na mwisho wake una karatasi. Wanunuzi wanaotaka mbao zenye cheti cha FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, tayari wamejifunga kwenye vigezo vinavyotaka usalama wa wafanyakazi ufikie mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi za misitu, uliotolewa kwanza mwaka 1998. Hata wasio na cheti wana mkataba wa kununua magogo, na ndani yake kuna vifungu vya urefu, unene na tarehe ya kufikisha mzigo. Kifungu cha tarehe ndicho kinachoteremka hadi msituni kikawa sauti ya msimamizi anayepiga simu kila baada ya nusu saa. Mstari mmoja unaweza kuongezwa hapo: kwamba siku ya mkataji ina kima chake cha chini hata kama magogo ni machache, kwamba muda wa kuushusha mti uliokwama unalipwa, na kwamba lori lililochelewa kwa sababu hiyo halikatwi faini. Hauhitaji sheria mpya. Unahitaji mnunuzi akubali kwamba sehemu ya bei nafuu anayoipata imekuwa ikitoka kwenye saa ambazo hakuna aliyezilipia, na amtume mtu wake akaangalie visiki.